Neno Lako Lilikuwa "Sivuki"

Mama Neema,

Mke wangu uliyelala pale juu kwenye ukingo wa shamba la mapeasi, pole na ukungu. Juzi nimeng'oa magugu yote kwenye kaburi lako kwa mikono mitupu, jembe sikuligusa, na hakuna kijana hapa kijijini ambaye angemaliza kabla ya chai kama nilivyomaliza mimi. Nakwambia hilo kwanza ili ujue mikono bado ipo. Mengine nitakayokwambia si mazuri.

Barua hii naandika mwenyewe. Mwalimu wa darasa la awali alisema, "Babu, wewe sema, mimi nitaandika." Nikamwambia hapana. Darasa la nne nilifika, na mwandiko wangu mchungaji aliusifu mbele ya watu siku ya kipaimara. Ukiona herufi zimelala, ni macho, siyo akili. Nikimaliza nitampa huyo mwalimu aisome mbele ya wazazi pale shuleni, na yeyote mwingine anayetaka aisome. Sitaki iwe siri. Siri nimekaa nayo, najua uzito wake.

Unakumbuka siku tunatoka kwenu Rangwi kumzika mama yako? Neema alikuwa bado yumo tumboni, miezi sita. Tulipofika mtoni huku chini jua lilikuwa linawaka vizuri, lakini juu mlimani kumefunga, kweusi kama tako la chungu. Maji yamejaa, yanavuma. Ukakaa juu ya jiwe, ukaweka kikapu chako pembeni, ukasema neno moja.

"Sivuki."

"Debora, jua litatuzamia hapa."

"Na lizame."

"Watu watasema mgosi ameshindwa na mto."

"Waseme. Sivuki."

Sasa mimi, mgosi mzima, mwanamume wa Kishambaa, nishindwe na maji? Nikakubeba mikononi kama mtoto mchanga, nikaingia. Maji yalinifika kiunoni. Wewe ulifumba macho, midomo inacheza, nikadhani unasali sala zenu za Kikatoliki. Tulipotokea ng'ambo nilicheka mpaka wanawake waliokuwa wanafua wakapiga makofi. Wewe hukucheka. Siku tatu ulipika, ukapakua, usinisemeshe.

Na mimi kisa hicho nikakisimulia miaka arobaini. Harusini, mnadani Malindi hii ya kwetu milimani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Hata kwenye send-ofu ya Neema nilishika kipaza sauti nikakisimulia. Kila nilipokisimulia maji yalipanda kidogo, mpaka yakafika shingoni. Wewe ulikuwa unapita na sinia la chakula, unasema tu, "Maji yamepanda tena," na watu wanaangua kicheko. Nilidhani wanacheka kwa kufurahia nguvu zangu.

Nataka nikukumbushe na zile jioni. Neema alipokuja kukaa nasi na mwanawe, kwa sababu mumewe yuko njiani na malori mwaka mzima, ukampa mtoto jina lako. Debora mdogo. Nami nikamwita mke wangu, kama babu yeyote anavyomwita mjukuu, na yeye akiniita mume wangu mzee asiye na meno. Jua likishazama, ugali ukiwa unatokota, unawaita yeye na watoto wa jirani wanazunguka mafiga. Mchana hukukubali hata siku moja. Ulisema anayesimulia hadithi jua likiwaka ataota pembe, na mimi nikasema huo ni ujinga, lakini nakiri hata mimi sikuwahi kujaribu.

Nilikuwa nakaa nje kwenye benchi nanoa panga, eti sisikilizi. Nilisikia kila kitu.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!"

Na kila siku mwishoni waliomba ile ile, ya mto uliokuwa unatafuta mke. Mto ule ulikuwa bwana harusi mjanja. Ulileta mvua juu mlimani huku bondeni jua linawaka, ili msichana asijue kama unakuja. Ulibadilisha nguo: kwanza maji meupe, kisha rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kisha rangi ya chai ya maziwa, na ukishavaa ya maziwa ujue bwana harusi amefika mlangoni. Hadithi nzima uliisimulia Kishambaa, lakini mto ulipofungua mdomo ulisema Kiswahili. Neema alikuuliza kwa nini, ukajibu, "Wote wanaokuja hapa kutuchukulia kitu wanaongea Kiswahili." Hapo nilicheka peke yangu kule nje.

Mto uliimba kwa sauti yako ya chini: "Mke wangu, mke wangu, nimetoka mbali juu, nyoosha mguu uvuke."

Watoto: "Sivuki!"

"Maji yangu ni matamu."

"Sivuki!"

"Mama yako ananijua."

"Mwite aje, mimi sivuki!"

Walipiga kelele mpaka kuku wakashtuka bandani. Msichana alikaa kwenye jiwe lake, akakaa, akakaa, mpaka mto ukachoka kubembeleza ukashuka peke yake kwenda kukonda huko tambarare za Mazinde. Asubuhi akavuka viatu vikiwa vikavu.

Mimi hadithi hiyo iliniudhi. Siku moja niliingiza kichwa dirishani nikakufokea, "Mama Neema, unawafundisha watoto uoga! Shujaa gani anakaa kwenye jiwe siku nzima?"

Hukugeuka. Ulisema, "Mtoto wa miaka mitano ukimwambia usiende mtoni, amesahau kabla hajafika mlangoni. Mpe wimbo, atatembea nao."

"Wimbo hauzuii maji."

"Baba Neema, noa panga lako."

Basi nikanoa panga langu.

Ulipoondoka kwa kile kifua, jikoni pakawa kimya. Neema alirudi shamba amechoka, anampa mtoto simu aangalie katuni, simu ikiisha chaji mtoto analala. Debora alikuwa na miaka mitatu ulipokufa. Alipofika mitano na kuanza awali, jioni moja alikuja akanipandia magotini.

"Mume wangu, nisimulie ya mto."

"Ya mto ipi?"

"Ya bibi. Kuna mto, halafu watoto wanajibu kwa kelele. Wanajibu nini?"

Mama Neema, soma hapa taratibu. Nililijua neno. Sitajificha nyuma ya uzee. Sehemu nyingine za hadithi nilizijua vipande vipande, lakini neno lenyewe nililisikia jioni elfu nikiwa nimekaa kwenye lile benchi. Ila nilimtazama mjukuu wangu mwenye jina lako, nikaona siwezi kumfundisha kukaa kwenye jiwe. Nilitaka awe kama mimi. Nikamwambia, "Wanajibu: Navuka! Mimi mjukuu wa mgosi, navuka!" Na mto, nikamwambia, ukisikia sauti ya jasiri unaogopa, unagawanyika, yeye anapita katikati.

Alipenda sana. Alisimama kwenye kigoda akainua mikono juu. "Navuka!" Nikampigia makofi kama wale wanawake walivyonipigia mimi.

Yule mwalimu, Mwalimu Saida, mtu wa Tanga, ana kawaida ya kumpa kila mtoto zamu ya kusimulia. Ananiambia mtoto wa awali anaanza kusoma kwa masikio. Aliyezoea hadithi anajua kungoja zamu, anajua kukumbuka kilichotangulia, anajua kwamba kitu kikianza kuna kitakachofuata. Debora alisimulia ya kwake, na darasa zima likaichukua. Wakitoka saa sita wanapita njia ya matuta yangu ya kabichi wanaimba, "Navuka! Navuka!" Na mimi nimeegemea jembe, kifua kimejaa. Pale mashineni nikawaambia wazee wenzangu, "Mnasikia? Ile ni hadithi yangu."

Nilisema hivyo. Wapo watu wanne waliosikia.

Masika yaliyopita, siku ambayo huku chini jua lilikuwa linawaka, Debora na Rehema, yule mtoto wa jirani yetu, walitoka shule wakafika kwenye mawe ya kuvukia. Rehema ndiye aliyetueleza. Alisema maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Alisema walisimama wakayatazama. Kisha Debora aliweka daftari lake ukingoni, mbali na maji, kwa sababu mama yake alimkanya asililoweshe. Akapanda jiwe la kwanza, akainua mikono juu. Rehema alisema aliimba mpaka jiwe la tatu.

Tulimpata siku ya pili, wanaume wote wa kijiji, kule kwenye kona yenye mianzi. Mimi ndiye niliyeingia kumtoa. Maji yalikuwa yamepungua, yalinifika kiunoni. Nilimbeba mikononi. Mengine siandiki.

Daftari lilikuwa kavu kabisa. Ndilo hili ninaloandikia. Kurasa za mbele zina a, e, i, o, u zake, na mduara mmoja mkubwa sijui alitaka kuchora nini. Mimi nimeanzia nyuma ili nisimguse.

Baada ya mazishi Neema aliniuliza. Rehema alikuwa amemwimbia kile Debora alichoimba. Neema alisimama mlangoni na macho yake yamevimba, akasema, "Baba, nani amewafundisha navuka? Mama alisema sivuki. Mimi nimekua na sivuki."

Nikamjibu, "Watoto wanabadilisha nyimbo, unawajua."

Akasema, "Haya, baba," akaondoka. Hilo ni kosa la pili, na lile la kwanza nililifanya kwa kujisifu, lakini hili nililifanya nikijua kabisa ninachofanya.

Ningekaa nalo mpaka nikakufuata. Kichwa changu unakijua. Lakini Mwalimu Saida alikuja nyumbani, miezi kadhaa baadaye, akakataa hata kukaa.

"Shikamoo, babu. Watoto bado wanaimba ule wimbo."

"Wakataze."

"Nimewakataza. Sasa wanauimba chooni." Akafuta kamasi kwa mtandio. "Kwao siyo wimbo wa hatari, babu, ni wimbo wa rafiki yao. Wanasema Debora alivuka. Kuna mmoja ameniambia Debora yuko ng'ambo anawasubiri. Masika yakija nitawafunga kamba? Wazee wa hapa wanasema hadithi hiyo ina mwisho mwingine. Nani anaujua?"

Nilimwambia nitafikiri. Kesho yake nilichukua fimbo nikatembea mpaka Rangwi kwa dada yako, Shemeji Katarina. Vijana wa bodaboda walinisimamishia pikipiki njia nzima nikawafukuza. Mimi magoti yangu ni ya chuma. Shemeji haoni tena, lakini alinijua kwa jinsi ninavyokohoa.

"Shemeji wa kujisifu, karibu. Mto ulikufika wapi leo?"

Nikamwambia nataka hadithi nzima, kutoka mwanzo, bila kuruka. Akaisimulia, mchana kweupe, akasema katika umri wake pembe zikiota zitamsaidia kujikinga na jirani zake. Alipomaliza akauliza kwa nini nauliza sasa. Nikamweleza. Vidole vyake vikatafuta rozari kwenye mkunjo wa kanga.

"Kwani hakukwambia ilikotoka?"

"Ilitoka wapi?"

"Tulikuwa na kaka, Shemeji. Wa miaka sita. Mto ule ule ulimchukua, mawe yale yale. Mama aliitunga hadithi masika hayo hayo, kwa ajili yetu tuliobaki. Miaka yote ile ya ndoa, hukujua?"

Sikujua, Mama Neema. Sikuwahi kukuuliza, na wewe huenda ulingoja niulize. Siku ile tumetoka kumzika mama yako ulikaa juu ya jiwe ambalo mama yako alikukalisha kwa hadithi, na mimi nikakunyanyua. Midomo yako haikuwa inasali. Ulikuwa unaimba ule wimbo mikononi mwangu, katikati ya maji, na mtoto tumboni, na mimi nikatokea ng'ambo nikacheka. Kisha ukanisikiliza nikiusimulia uoga wako kwa watu miaka arobaini, unapita na sinia.

Niliporudi nilimkuta Neema jikoni anamenya viazi. Nikasimama, sikukaa. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyesema navuka. Nilijua ni sivuki."

Kisu kilisimama. Alisema, "Nilikuuliza, baba." Akaweka kiazi ndani ya sufuria, akachukua kingine. "Nilikuuliza." Juu ya hilo hakusema lingine mpaka leo. Chakula ananipakulia, nguo ananifulia. Lakini shikamoo yangu ameichukua. Asubuhi ananiambia "habari za asubuhi," kama anavyomwambia mtu anayepita kuuza ndoo. Mtoto niliyemzaa. Simlaumu, na sijamwomba anirudishie. Namjibu "nzuri," naenda shamba.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda shuleni. Mwalimu aliwaketisha chini kwenye mkeka, wamebanana kama viazi kwenye gunia. Kabla sijafungua mdomo kabinti kamoja kakanyoosha kidole.

"Babu, ni mchana. Utaota pembe."

Hilo walilijua wote. Kumbe ulilipanda mbali. Nikamwangalia mwalimu, mwalimu akaniangalia. Nikasema, "Basi fungeni madirisha." Wakaruka, wakafunga mbao zote, na mlango, na mmoja akaziba tundu kwa sweta lake. Saa nne asubuhi tukatengeneza usiku.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!"

Nikaisimulia kama dada yako alivyonipa. Mvua mlimani, nguo tatu za mto. Nilipofika kwenye wimbo sauti yangu haikuwa nzuri kama yako, lakini ilitosha. "Nyoosha mguu uvuke."

"Navukaaa!"

Darasa zima, kwa furaha. Rehema peke yake alinyamaza.

"Sivyo," nikasema. "Neno ni sivuki."

"Debora alisema navuka!"

"Debora alidanganywa."

"Na nani?"

Mle ndani mlikuwa na giza, sura sikuziona, na wao hawakuiona yangu. Pengine bila giza nisingeweza. "Na mimi. Babu yake. Bibi yenu aliacha neno zuri, mimi nikalitoa nikaweka la kwangu. Debora hayuko ng'ambo. Debora alikufa kwenye maji, kwa neno langu."

Mtoto mmoja, sijui wa nani, akauliza, "Kwa nini ulimdanganya?"

"Kwa sababu hadithi ya bibi haikunisifu."

Walilifikiria hilo. Watoto wadogo ukiwaambia kitu kilicho kweli wanakiweka mahali pake bila kelele. Wakubwa ndio wanaokuuliza maswali ya kukusaidia kutoroka. Nikaimba tena: mke wangu, mke wangu. Aliyeanza ni Rehema, sauti ndogo kama ya inzi. "Sivuki." Kisha wawili. Mpaka naimba "mama yako ananijua," mbao za madirisha zilikuwa zinatetemeka. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba Neema alikuwa anapita barabarani na mzigo wa kabichi kichwani, akasimama nao mpaka hadithi ilipoisha, kisha akaendelea na safari yake. Jioni alinipakulia chakula. Shikamoo hakunipa.

Tangu hapo naenda kila Jumatano. Kisa cha kukubeba mtoni sikisimulii tena. Wakinichokoza mashineni nawaambia maji yalikuwa ya kiunoni na mwanamke alikuwa na haki. Wananishangaa. Mwaka huu wameingia watoto wapya ambao hawakumjua Debora. Baadhi wamekuja hawajui hata kuitikia. Ukisema "hadithi, hadithi" wanakutazama kama unauliza njia. Hao nawaanzisha kwa neno moja, kabla ya yote, na siwaachii mpaka walitoe vizuri. Juu mlimani asubuhi kumeanza kufunga.

Sasa nakuomba moja. Huko uliko uko naye. Msimulie upya, kuanzia mwanzo, na akikwambia ni navuka usimkemee. Mwambie ukweli, kwamba babu alijua. Nilitaka kuandika usimwambie. Nimekaa na kalamu hii tangu chai, nimeona hapana, mwambie.

Na mimi najua umenitengea mahali pangu ubavuni mwako pale kwenye mapeasi, nimepaona nilipokuwa nang'oa magugu. Kifua changu nacho kimeanza kama chako. Lakini usiniite bado, mke wangu. Masika yanakuja, darasa limejaa, na Rehema bado ni mdogo kuwasimulia wenzake. Nimekaa kwenye jiwe upande huu. Unaweza kuimba unavyotaka.

Sivuki.

Mumeo, Baba Neema,
babu yake Debora